Shimoni hadi Lamu kwa mashua ndogo ya tanga, kuchangia boti ya wagonjwa: tupange vipi?

Kasia_Kasarani
Wadau, hamjambo. Tuko wanne, sote tunaishi Nairobi. Tunataka kusafiri kwa mashua ya futi 22 kutoka Shimoni hadi Lamu na kurudi, mwezi wa Agosti, ili kuchangisha pesa za boti ya kubebea wagonjwa ya zahanati moja ya kisiwani. Wawili wetu wamejifunza tanga Ziwa Naivasha. Tuna injini ya akiba ya nguvu za farasi 15. Tulale wapi, tubebe nini, na pesa za watu tuzishike vipi ili mtu asije akauliza maswali tusiyoweza kujibu?

Matlai
Ndugu Kasia, hongereni kwa nia. Ila futeni hilo neno "na kurudi". Agosti ni kusi kamili, upepo utokao kusini. Kwenda mtafika, tena upesi, kwa kuwa upepo uko nyuma yenu na mkondo nao unaelekea kaskazini. Kurudi ni bisho tupu, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo: mashua ya futi 22 ikipingana na kusi na mkondo wa noti (maili za baharini kwa saa) 2 au 3, inaweza kupiga bisho kutwa nzima na magharibi bado mnautazama mnazi uleule. Mashua irudi kwa lori, au ingoje kaskazi, upepo utokao kaskazini.

Kisha sogezeni safari hadi mwisho wa Septemba au Oktoba, kusi ikiwa imelegea. Mtasikia ushauri wa kutoka Lamu kuja kusini na kaskazi, Desemba hadi Machi. Inawezekana, lakini kuanzia Malindi kushuka mkondo huendelea kwenda kaskazini hata msimu huo. Upepo unashuka, maji yanapanda, na hapo mawimbi huwa mafupi na wima. Chombo kidogo kitaingiza maji kwa tezi, yaani nyuma.

Vituo, kwa maili za baharini (makadirio): Shimoni–Gazi 15, Gazi–Mombasa 25, Mombasa–Kilifi 28, Kilifi–Malindi 30, Malindi–Ngomeni 15, Ngomeni–Kipini 35, Kipini–Lamu 28. Hizo ni siku 7 za tanga. Tengeni 12, ili pasiwe na siku ambayo mnatoka kwa sababu tu ratiba inasema mtoke.

Piga hesabu ya noti 4. Ukitoka Mombasa saa kumi na moja u nusu alfajiri, uko Kilifi kama saa sita u nusu mchana. Saa hiyo ina maana kubwa. Pwani yetu inatazama mashariki, kwa hiyo kuingia mlango wa mwamba (pengo la kupitia) ni kuelekea magharibi. Ikifika saa tisa jua liko usoni, maji yanang'aa kama bati jipya, na mwamba huuoni mpaka uko chini ya omo, pua ya mashua.

Sasa mwezi, na hapa Naivasha haikuwafundisha kitu kwa sababu ziwa halijai wala kupwa. Wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne. Maana yake mchana mnakuta maji machache mlangoni. Maji mafu, ya nusu mwezi, ni kinyume: hujaa kati ya saa nne na saa saba mchana, na mwendo wake ni mdogo. Safari nzima haiwezi kukaa ndani ya maji mafu, kwa hiyo sehemu ngumu ndiyo ipewe siku hizo. Sehemu ngumu ni Kipini. Ifikeni siku ya 10 au ya 24 ya mwezi mwandamo, halafu hesabuni kurudi nyuma mpaka siku ya kutoka Shimoni.

Farumi
Matlai amesema kweli kuhusu Kipini. Sababu ni Mto Tana: maji ni ya matope, jicho halioni chini hata jua likiwa utosini, na fungu la mchanga mdomoni huhama. Maji yakipwa huku kusi ikivuma, mawimbi huvunjika mlangoni kote. Ingieni maji yakiwa bado yanajaa, mkiongozwa na mvuvi wa hapo. Ongeeni mapema na BMU (kamati ya wavuvi ya ufuo) ya Kipini. Mkichelewa, msilazimishe. Kaeni nje kwenye kina, punguzeni tanga, mkeshe mkielekea Lamu, muingie Shela, kijiji cha kisiwa cha Lamu, kesho yake mchana. Kwa ajili ya usiku huo, maji ya kunywa yahesabiwe ya siku 3: watu 5 (wanne na nahodha mwenyeji, huyo si wa hiari), lita 4 kila mmoja kwa siku, jumla lita 60. Yaani mitungi mitatu ya lita 20. Pia, mkitoka Ngomeni pitieni mbali na majukwaa ya chuma ya kituo cha anga cha Waitaliano.

Chombo chenyewe. Farumi, yaani uzito wa kutuliza mashua, ifungwe. Magunia ya mchanga yaliyolala tu ndani huteleza upande wa chini mashua inapolala, nayo haiinuki tena. Tanga la foromali (boriti inayobeba tanga) kwa kawaida halina kamba za kulipunguza, kwa hiyo bebeni la pili, dogo. Upepo wa nyuma ukibadilisha upande ghafla, foromali huruka na kumpiga aliyesimama. Shusheni tanga kwanza, ndipo mhamishe. Kalafati (pamba ya kuziba nafasi za mbao) ikaguliwe mashua ikiwa imepakiwa, si ikiwa tupu, kwa kuwa mbao za juu hukauka na ndizo zitakazovuja. Upo, yaani kata za kuchotea maji yaliyoingia, ziwe mbili, kila moja imefungwa kwa kamba.

Redio ya mkononi ya wati 5, ukiwa umeketi kwenye mashua, hufikia chombo kingine kama chenu maili 4 au 5 tu. Antena juu ya mlingoti wa mita 6 huisogeza hadi karibu 8. Idhaa 16, ya wito wa dharura, iwe wazi muda wote. Ongezeni kitoa ishara cha dharura cha 406 MHz, kilichosajiliwa kwa majina yenu. Kisichosajiliwa huwachelewesha waokoaji. Maboya ya kuvaa ya newtoni 150, yavaliwe, yasikaliwe.

Kasia_Kasarani
Asanteni sana, wakubwa. Kurudi tumefuta. Injini je?

Farumi
Ya mizunguko miwili: mafuta mililita 20 kwa kila lita ya petroli, ila someni kitabu cha injini yenu. Kwa mwendo wa nusu hesabuni lita 3 kwa saa. Lita 40 zawatosha kati ya vituo. Chujeni kila mtungi kwa faneli yenye chujio la kuzuia maji. Maji kidogo tu kwenye kabureta na inazima mlangoni, pale pale mnapoihitaji.

Hesabu_SouthB
Pesa. Fungueni akaunti mbili: moja ya gharama za safari, nyingine ya boti ya wagonjwa, na kila moja iwe na Paybill yake. Mtu akichangia zahanati, shilingi yake isinunue petroli yenu. Watia sahihi wawe watatu, mmoja atoke zahanati. Kuchangisha hadharani kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106, kwa hiyo kipateni kabla ya kubandika bango la kwanza. Andikeni pia mapema kwamba safari ikikatizwa Malindi kwa ajili ya hewa, michango itakwenda zahanati vilevile. Bila maandishi hayo, ahadi kwa wafadhili itawasukuma baharini siku ambayo nahodha amesema hapana.

Matlai
Nyongeza mbili. Mpango wa safari, wenye majina, rangi ya tanga na saa za kufika, upelekwe kituo cha uokoaji cha KMA (Mamlaka ya Bahari ya Kenya) Mombasa, na mtu mmoja Nairobi awe na nakala na zamu ya kupokea simu yenu kila jioni. Na mwako wa ishara (fataki ya kuomba msaada) haupandi ndege. Nunueni Mombasa, mkiangalia tarehe ya mwisho iliyopigwa chapa juu yake.