Nimeota meli zimekwama mchangani, nataka kuzichora. Nifanyeje bila kuchafua zaidi?

MchoraAlfajiri (mleta uzi)

Habari zenu wakuu,

Nina mambo mawili yananisumbua, na yamefungamana kiasi kwamba sijui nianze na lipi. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Mimi ni mchoraji. Sijasomea, nimejifunza kwa kuharibu karatasi nyingi, na kwa miaka sita sasa natumia rangi za akriliki. Picha zangu nzuri karibu zote zilianzia usingizini. Siyo kwamba naota picha ikiwa imekamilika, la. Naota kitu kimoja tu, rangi ya mlango au mkono wa mtu ulioshika kamba, halafu mchana kutwa kitu hicho kinanifuata hadi nikichore.

Wiki tatu zilizopita nilisafisha kabati jioni. Nikatoa fulana kumi na moja, nyingine zimepauka, nyingine nilizivaa mara mbili tu. Nikazitia kwenye mfuko, nikaufunga na kuuweka mlangoni ili asubuhi uende jalalani. Usiku ule nikaota meli za chuma, nyingi, zimekaa juu ya mchanga mkavu. Maji hakuna popote. Kamba za nanga zimefungwa kwenye vichaka. Na meli zile zilikuwa na matanga (meli ya chuma haina tanga, najua, lakini ndotoni zilikuwa nayo), na matanga yenyewe ni fulana zangu zimeshonwa pamoja, mikono inapepea. Niliamka moyo unanidunda.

Mfuko sikuutupa. Upo mlangoni hadi leo.

Sasa shida yenyewe. Kwanza, kila nikitaka kuichora ndoto hiyo najikuta nimesimama kwenye sinki naosha brashi, natazama maji ya buluu yakizunguka na kuingia bombani, najiuliza yanakwenda wapi. Akriliki ni plastiki. Yaani nachora msiba wa maji huku mkono wangu mwenyewe unayachafua. Nimeacha kuchora kabisa. Pili, sehemu ya ndoto imenipotea. Palikuwa na mtu, alisema neno au aliliandika, sina hakika. Niliamka usiku nikaandika kwenye simu, na asubuhi nikakuta "chumvi mlango anakuja kesho". Hayaniambii kitu.

Naomba ushauri kwa wenye uzoefu: namna ya kuchora bila kuharibu, na namna ya kuishika ndoto kabla haijayeyuka. Na kama kuna anayeona nimelikuza jambo dogo, aseme tu. Nitasikiliza.


Nyuzi_na_Sindano

Dada, huo mfuko usiutupe. Nipo kazini, nitarudi jioni na maelezo, ila usiutupe.


Msomaji wa Ramani

Nimeisoma ndoto yako mara mbili, kwa sababu mahali hapo papo.

Ni Bahari ya Aral, kati ya Kazakhstan na Uzbekistan. Mwaka 1960 lilikuwa ziwa la nne kwa ukubwa duniani. Mito miwili iliyokuwa ikililisha, Amu Darya na Syr Darya, ikachepushwa enzi za Muungano wa Kisovieti kwenda kumwagilia mashamba, na zao kubwa la mashamba hayo lilikuwa pamba. Ziwa likaanza kurudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Kufikia 2007 lilikuwa limebaki kama sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake wa zamani. Moynaq, mji uliokuwa bandari ya wavuvi, sasa uko mbali kabisa na maji, na meli za chuma zimekaa pale mchangani zinaliwa na kutu. Upepo ukivuma unanyanyua vumbi la chumvi lililochanganyika na mabaki ya dawa za mashambani, na watu wanalivuta.

Chumvi. Ndilo neno la kwanza uliloandika kwenye simu.

Sasa rudi kwenye mfuko wako. Fulana moja ya pamba huhitaji takribani lita 2,700 za maji tangu shambani hadi ikufikie mkononi. Sisemi zako zilitoka kule, pamba hulimwa sehemu nyingi na kwa namna nyingi. Ila kichwa chako kimeunganisha fulana na ziwa kavu, na hapo hakijakosea. Huenda uliwahi kuiona picha ya Moynaq mahali ukasahau.


MchoraAlfajiri

Nimesisimka mwili mzima. Nimezitafuta picha zake, na vichaka vipo, vimeota kati ya meli.

Lakini umenipa hofu nyingine. Kama niliwahi kuiona picha nikasahau, basi hii si yangu, ni ya mpiga picha fulani. Nitakuwa naiba kitu bila kujua?


Mzee wa Brashi

Binti yangu, hilo la kuiba wenzangu watakujibu. Mimi nikujibu la sinki, maana nimeshika brashi zaidi ya miaka thelathini na mingi kati ya hiyo nilimwaga maji ya rangi bila kufikiri.

Kosa kubwa ni kuipeleka brashi kwenye maji ikiwa bado imejaa rangi. Ukimaliza kazi, ikamue kwanza. Rangi inayotoka ipake kwenye karatasi au ubao mwingine, iwe usuli wa picha ijayo. Kisha ifute kwa kitambaa kikuukuu, kutoka kwenye shina la nywele kwenda nchani, geuza kitambaa, futa tena, hadi kisichukue rangi. Hapo ndipo uitie majini. Uwe na makopo mawili, la kwanza la kuoshea na la pili la kusuuzia.

Kopo la kwanza usilimwage. Liache litulie usiku mzima au zaidi. Chembe za rangi zitashuka chini, na maji ya juu utayatumia tena kesho kuoshea. Yakizidi kuchafuka, tia shabu kidogo, ileile watu wanayotumia kusafishia maji ya matope. Chembe zitashikana na kuzama, nawe uchuje kwa kitambaa. Tope linalobaki likikauka linakuwa kama ngozi, unalibandua kwa kucha. Hilo lipeleke kwenye taka ngumu. Halijawa jema, bado ni plastiki, ila halikuingia mtoni.

Wala brashi usiache ikaukie rangi kwa kuogopa maji. Brashi iliyokufa nayo ni taka.

Na rangi ulizonazo zimalize. Watakuja watu hapa kukuambia utupe akriliki ununue rangi za asili. Kutupa chupa zilizojaa ni kuchafua mara mbili, kisha neno "asili" lisikutulize upesi. Nyekundu na njano za kadmiamu zinatokana na madini, na kadmiamu ni sumu. Soma lebo ya kila chupa.


KijaniDaima

Mzee, mimi ndiye niliyekuwa nakuja kusema hivyo, na pia kumshauri anunue kanvasi mpya za pamba iliyolimwa bila dawa. Nimesita sasa. Lakini si afadhali pamba kuliko plastiki?


Nyuzi_na_Sindano

Nimerudi. KijaniDaima, swali lako ni zuri, na jibu lake linategemea kitu kinatumika mara ngapi. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulichapisha hesabu za mifuko ya kubebea vitu. Mfuko wa pamba ya kawaida ulitakiwa kutumika angalau mara 52 ndipo ulingane, kwa upande wa tabianchi, na mfuko mwepesi wa plastiki ambao baada ya matumizi umewekewa taka. Ukijumlisha athari zote walizopima, ikiwemo maji, idadi ilipanda hadi zaidi ya mara 7,000, na pamba iliyolimwa bila dawa ilikuwa juu zaidi kwa sababu shamba lake hutoa mavuno machache. Mimi ninayo mifuko ya pamba, naipenda, na nitaibeba hadi ichanike. Mipya sinunui.

Kwa hiyo dada, kanvasi yako unayo tayari, ipo mlangoni. Chora zile meli juu ya zile fulana.

Ila usiziwambe kwenye fremu kama kanvasi ya kawaida. Fulana ni kitambaa cha kufumwa, kinavutika, baada ya mwezi kitalegea na rangi itapasuka. Kibandike kwenye ubao. Chukua ubao uliotumika, hata mlango wa kabati bovu. Kata fulana kwenye mishono ya ubavuni ili ilale bapa. Paka gundi ya mbao iliyoongezwa maji kidogo juu ya ubao, laza kitambaa, na kiganja chako kitoke katikati kwenda pembeni, polepole, hadi hewa yote itoke. Usikivute, kilaze tu. Weka uzito juu hadi asubuhi. Kisha paka gundi hiyohiyo juu yake kuziba matundu, iache ikauke, ndipo upake rangi nyeupe ya kutangulizia, nyembamba, mara mbili.

Mishono usiifiche. Ukosi uache ulivyo. Tanga lililoshonwa kwa fulana lazima lionekane lilikuwa fulana.


JiweKavu

Nasema kwa heshima, kwa kuwa umeruhusu. Maji ya brashi ya mchoraji mmoja ni kitu kidogo sana. Mitambo ya makaa ya mawe, ndege, viwanda, huko ndiko kwenye mzigo. Naogopa watu wenye moyo kama wako wanajichosha kwenye sinki wakati wenye mzigo mkubwa wanalala usingizi.


Msomaji wa Ramani

JiweKavu, nusu nakubaliana nawe. Si kila uamuzi una uzito sawa. Unachokula, unavyosafiri na nishati unayotumia nyumbani ni vizito kuliko brashi, na mleta uzi akiwa na nguvu ya kubadilisha mambo mawili tu mwaka huu, aanzie huko.

Ila "mmoja mmoja" wakijumlishwa hawawi wadogo. Kwa takwimu za Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Siyo viwandani wala hotelini. Ni kwenye sufuria zetu. Chakula hicho kikioza jalalani pasipo hewa kinatoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Kwa hiyo tuwadai wenye mitambo, na masufuria yetu tuyatazame pia.


ZamuYaUsiku

Mimi nijibu la ndoto. Naandika ndoto zangu mwaka wa tisa sasa.

Mdogo wangu, simu ndiyo iliyokupotezea yule mtu. Mwanga wake, ujumbe unaokusubiri, kidole kutafuta herufi, vyote vinakuamsha kwenye dunia nyingine. Tumia penseli na karatasi, na karatasi iwe upande wa pili wa iliyokwisha kutumika. Lakini kabla ya karatasi kuna jambo kubwa zaidi: usijigeuze. Ukiamka baki ulivyolala, macho yamefumbwa, ushike taswira ya mwisho uliyoiona, kisha rudi nyuma hatua moja moja. Kabla ya hapo nilikuwa wapi? Nani alikuwepo? Ukifika mwanzo ndipo unyooshe mkono. Mimi nikijigeuza upande tu, nusu imekwenda.

Usingizi wenye ndoto nyingi huja kwa mizunguko ya takribani dakika 90, na vipindi vyake hurefuka kadiri alfajiri inavyokaribia. Siku usiyo na haraka, lala bila kengele. Ndoto ndefu ziko kwenye ile saa ya mwisho ambayo kengele huwa inaikata.

Na usikate tamaa kwa maandishi yasiyosomeka. Otto Loewi, mwanasayansi aliyekuwa Graz, Austria, mwanzoni mwa miaka ya 1920 aliota jaribio la kuonyesha jinsi neva zinavyopeleka ujumbe kwenye moyo. Aliamka, akaandika kwenye kijikaratasi, akalala tena. Asubuhi hakuweza kuusoma mwandiko wake, na siku ile kwake ilikuwa mateso. Usiku uliofuata, saa tisa, ndoto ikarudi. Safari hii hakuandika. Aliondoka akaenda maabara usiku uleule, akalifanya jaribio kwa mioyo miwili ya vyura. Mwaka 1936 alishiriki Tuzo ya Nobel ya tiba kwa utafiti huo. Jioni kabla ya kulala itazame michoro yako ya zile meli. Ndoto hupenda kurudi kwenye kitu kilichoshughulisha mchana.

Kuhusu wizi: Paul McCartney, mwanamuziki wa kundi la Beatles, aliamka na mahadhi ya wimbo mzima kichwani, akaogopa kama wewe kwamba ameusikia mahali. Kwa wiki kadhaa akawa anawapigia watu na kuwauliza, huu ni wa nani? Hakuna aliyeujua. Ulitoka mwaka 1965 kwa jina "Yesterday". Nawe uliza hivyohivyo. Ukikuta mtu amekwisha kuchora meli za mchangani zenye matanga ya fulana, mtaje. Usipomkuta, chora.


MchoraAlfajiri

Shikamoo mzee wangu, na asanteni nyote. Leo ni siku ya kumi na mbili, nimeona nilete mrejesho.

Nimeuliza kila mchoraji ninayemfahamu. Meli za mchangani wanazijua, za fulana hapana.

Ndoto haijarudi yote. Asubuhi ya tano nilibaki bila kujigeuza kama dada alivyoelekeza, na yule mtu akaja. Hakusema neno. Alikuwa ameshika kamba yenye mafundo anapima mchanga, kutoka meli moja hadi nyingine, kama anayesubiri maji akitaka kujua yatafika wapi. Nimemchora kwa penseli nyuma ya bahasha.

Fulana nne zimekwisha kubandikwa kwenye mlango wa kabati. Ya kwanza niliivuta, ikakunjamana, nikaibandua na kuanza upya. Ukosi wa ile ya buluu umekaa juu kabisa, panapokutana tanga na mlingoti, na uzi wake unaonekana hata chini ya nyeupe.

JiweKavu, nimeanza pia kuandika ninachokitupa jikoni. Orodha ya wiki ya kwanza imenisikitisha, nitaifungulia uzi wake.


Msomaji wa Ramani

Jambo moja kabla hujafika mbali. Mwaka 2005 Kazakhstan ilikamilisha bwawa la Kokaral, likatenga kipande cha kaskazini cha Aral. Maji ya upande huo yakapanda, chumvi ikapungua, samaki wakarudi na wavuvi nao. Kusini bado pakavu.


MchoraAlfajiri

Hilo sikulijua. Basi juu kulia nitaacha mstari mwembamba wa maji, na yule mtu wa kamba nitamgeuza atazame huko.

Kopo la kwanza nimeliangalia sasa hivi. Chini pana buluu nzito kama kidole kimoja, juu maji yameanza kuwa meupe. Nayatumia hayohayo, naingia meli ya tatu.