Wenzi wa maisha: mbona hesabu ya wanaume haikutani na ya wanawake?

Barabara ya 12 (Tanga)

Ndugu zangu, salaam. Juzi baada ya isha, kwenye baraza letu hapa Ngamiani, yalizuka mabishano yaliyoendelea mpaka muuza kahawa akabeba dele lake na kuondoka. Mwenzetu mmoja alisema amesoma kwamba katika utafiti uliofanyika Uingereza kati ya mwaka 2010 na 2012, wanaume wa umri wa miaka 16 hadi 44 walipoulizwa wamelala na wanawake wangapi katika maisha yao, wastani ulikuwa 11.7, ilhali wanawake wa umri huohuo walitaja wanaume 7.7. Wazee wakamaliza mjadala hapohapo: ndiyo maumbile, mwanamume ni jogoo.

Mimi nilinyamaza, kwa kuwa lilikuwapo jambo linalonitatiza. Kila mwanamume anapoongeza mwanamke katika hesabu yake, yuko mwanamke ambaye naye anaongeza mwanamume katika ya kwake. Ikiwa nchi ina wanaume na wanawake wanaokaribiana kwa idadi, wastani wa huku na wa kule unawezaje kupishana kiasi hicho? Hao wanawake wa ziada wanatoka wapi? Na je, sisi Watanzania huulizwa jambo hili, au ni mambo ya wenzetu tu? Naomba jibu la mwenye ujuzi. La "wanaume ndivyo walivyo" nimelisikia la kutosha.

Mwalimu wa Hesabu

Bwana Barabara ya 12, hoja uliishika wewe, wazee wamekushinda kwa wingi wao tu. Katika jamii iliyofungwa, yaani ambayo hakuna anayekwenda kutafuta mwenza nje, na ambayo wanaume na wanawake ni sawa kwa idadi, jumla ya wenzi waliotajwa na wanaume haina budi kulingana na jumla iliyotajwa na wanawake, kwa sababu kila uhusiano huhesabiwa mara moja upande huu na mara moja upande ule. Mwanahisabati wa Marekani, David Gale, alilieleza hilo mwaka 2007 kwa mfano wa wanafunzi waliokwenda kucheza dansi.

Hata hivyo, usiharakishe kuwaita watu waongo. Tuseme upo mji wenye wanaume 100 na wanawake 100. Kila mwanamume amekuwa na wenzi 5, kwa hiyo jumla ni 500. Wanawake 95 wamekuwa na wenzi 3 kila mmoja, hao wanafanya 285. Na wanawake watano waliobaki, wanaoishi kwa biashara ya ngono, wamekuwa na 43 kila mmoja, hao ni 215. Jumla tena ni 500, na wastani ni 5 pande zote mbili. Lakini ukiwapanga wanawake wote mstari kuanzia mwenye wachache, yule wa katikati ana 3, na mwanamume wa katikati ana 5. Hakuna aliyedanganya. Sasa mtafiti apite nyumba kwa nyumba, awakose wale watano kwa sababu wamepanga chumba gesti na hawamo katika kaya yoyote: atarudi na wastani wa 3 kwa wanawake na 5 kwa wanaume, halafu baraza lenu litaanza kuzungumza habari za majogoo.

Ndiyo maana ninapopewa takwimu hizi huuliza kwanza kama ni wastani au ni thamani ya katikati. Nchini Marekani, kwa watu wa miaka 25 hadi 49 waliohojiwa kati ya 2015 na 2019, thamani ya katikati ilikuwa 6.3 kwa wanaume na 4.3 kwa wanawake. Walio wengi hukusanyika kwenye tarakimu ndogo, kisha unafuata mkia mrefu wa watu wachache wenye makumi na hata mamia. Uchambuzi wa utafiti wa Sweden wa mwaka 1996 uliuonyesha mkia huo kwa jinsia zote mbili, na wachache hao ndio wanaouvuta wastani juu.

Utingo Mstaafu

Mwalimu, kwa heshima zote, Tanga haijawahi kuwa jamii iliyofungwa. Waja leo waondoka leo. Nimevuka Horohoro na malori kwa miaka kumi na sita, na ninawafahamu wenzangu ambao nusu ya hesabu yao iko Mombasa, ambako mdadisi wa Tanzania hana kazi.

Mdadisi wa Zamani

Naam, hapa kwetu jambo hili huulizwa. Limo katika utafiti wa demografia na afya, ule wa 2015–16 na wa 2022, na wanaohojiwa ni wenye miaka 15 hadi 49. Mimi nilikuwa mdadisi katika utafiti wa namna hiyo, na maelekezo yalikuwa mwanamke ahojiwe na mwanamke, mwanamume na mwanamume, tena faraghani. Mtu akishindwa kutaja idadi unambembeleza akadirie, na akitaja 95 au zaidi unaandika 95 tu.

Faragha yenyewe sasa. Katika kijiji kimoja upande wa Muheza, nilikaa mkekani nyuma ya nyumba na dada mmoja, nimeshusha sauti, na mama mkwe wake akapita mara tatu: mara kuchukua ndoo, mara kuanua kanga, mara ya tatu hakuwa na sababu yoyote. Swali lilipofika, yule dada alitazama mlango kwanza, kisha akasema, "Mmoja." Niliandika 1. Mwenzangu aliyewahoji wanaume jirani alirudi na dodoso lililojaa 10, 15 na 20, mmoja alimwambia, "Andika kumi. Hapana, andika ishirini."

Pale Kisesa, mkoani Mwanza, watafiti waliyaweka majibu ya wanaume na ya wanawake bega kwa bega na hayakukutana. Katika utafiti mwingine mkoani humohumo, wamo wasichana waliosema hawajawahi kujamiiana kabisa ilhali vipimo vilionyesha ujauzito au maambukizi ya zinaa. Wala si Waafrika peke yao. Waingereza walipozichambua upya takwimu zao, safari hii kwa umri wa miaka 16 hadi 74, wanaume walikuwa na wastani wa 14.14 na wanawake 7.12. Wakawapunguzia uzito wachache waliotaja idadi kubwa mno, wakazingatia kwamba wanawake huelekea kuhesabu mmoja mmoja na wanaume hukadiria, wakatazama pia mitazamo ya watu kuhusu ngono, na pengo la 7.02 likashuka hadi 2.63.

Nakuomba pia uangalie umri. Jedwali likimweka kijana wa miaka 17 pamoja na mtu wa miaka 45, yule kijana hajamaliza hesabu yake, na mkoa wenye vijana wengi utaonekana mtulivu kuliko ulivyo.

Barabara ya 12 (Tanga)

Mwalimu, shikamoo, dada Mdadisi, ahsante sana. Jana nilikwenda barazani na mji wa mwalimu wa watu mia kwa mia, nikauchora kwa chaki sakafuni. Walinifuata vizuri mpaka kwa wale wanawake watano, ndipo mzee mmoja alipotaka kujua wanaishi mtaa gani. Tulipotulia akasema kwamba yeye hana cha kuficha, na kama wadadisi wakija waandike kumi. Nikamwuliza, "Mzee wangu, umehesabu au umekadiria?" Alifikiri kidogo, akaanza kukunja vidole, akafika cha nne, kisha akamwita muuza kahawa.