Naomba ushauri: nyumba ya mawe Mji wa Kale inatoa chumvi ukutani

Ndugu zangu, sisi watoto wa marehemu mzee wetu tumekubaliana kuifufua nyumba yake iliyoko Mji wa Kale, Mombasa, ambayo imekaa bila mtu kwa muda mrefu. Uani hakuna shida, vijana wataufyeka wenyewe. Kinachotutatiza ni kuta za chini, za mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo mpangaji wa zamani alizipiga plasta ya saruji, na sasa unyevu umenaswa ndani, chumvi inachomoza na plasta inabanduka. Kaka yangu ataka tupige saruji upya kwa kuwa ni kazi ya haraka (naye akishika neno haachi), ilhali mimi naona tuibandue yote, ukuta ukauke, kisha turudishie chokaa, ambayo hupitisha unyevu.

Je, ukuta huachwa kwa muda gani kabla ya kupigwa chokaa, hasa masika yakikaribia? Boriti ya mkoko iliyoliwa na mchwa kwenye ncha tu, huungwa au hutolewa nzima? Na kwa kuwa mtaa huu ni eneo la hifadhi, ni kazi zipi zinazohitaji kibali kwanza?