Kroshia ya kwanza: kitambaa cha vyombo, skafu, mraba wa rangi, kofia au kitambaa cha kochi?

Nyuzi_Mbale
Habari zenu wafumaji. Kuna akina dada wanne wanaanza, hakuna aliyewahi kushika kroshia. Kila mmoja ana bonge moja la uzi wa akriliki la gramu 100, unene wa kati, na kroshia (sindano yenye ndoano) ya milimita 5. Wawili wanataka skafu, mmoja kofia, na wa nne hasikii kingine ila vitambaa vya makochi. Waanze na kipi?

Fundi_wa_Jinja
Vitambaa vya makochi viwekwe kando kwanza, dada. Vile hufumwa kwa uzi mwembamba wa pamba na kroshia ya milimita 1.25 hadi 1.75. Mtu ambaye bado hajui kuusoma mshono hataona hata pa kuingizia kroshia.

Wote wanne waanze na kipande bapa cha mshono mfupi (ingiza kroshia, vuta uzi, kisha uvute tena upite vitanzi vyote viwili). Mnyororo wa vitanzi 26. Mshono wa kwanza uingie kitanzi cha 2 kutoka kwenye kroshia, na mstari uishe na mishono 25. Mwisho wa mstari, kitanzi 1 cha mnyororo, geuza kazi, ingiza kwenye mshono wa kwanza kabisa bila kuruka. Endelea hadi ukikunja pembe kwa pembe pande zilingane. Kitakuwa na upana wa sentimita 18 hivi. Hicho tayari ni kitambaa cha kuoshea vyombo, na kikiwa kimepinda, sahani hazilalamiki.

Kosa litakalojitokeza nalijua: kipande kitaanza na 25, kitapungua hadi 24, 22, mwisho kifanane na paa la nyumba. Mshono wa mwisho wa mstari hulala ubavuni na kujificha, kwa hiyo hurukwa. Kila mstari ukianza, tia pini kwenye mshono wa kwanza. Ukirudi, pale penye pini ndipo pa kumalizia. Na wahesabu kila mstari, wasisubiri mpaka mstari wa kumi.

Mnyororo wa kuanzia ukibana, ukingo wa chini utajikunja kama upinde. Wafume mnyororo huo kwa kroshia ya milimita 5.5 au 6, halafu warudi kwenye 5.

Baridi_ya_Kabale
Naunga mkono, ila skafu isidharauliwe. Huku kwetu inavaliwa kweli. Ubaya wake ni urefu tu: sentimita 150 kwa upana wa 18, kwa mshono mfupi, bonge moja la gramu 100 litaishia njiani. Wakitaka skafu wanunue mabonge yote siku moja na walinganishe namba ya toleo la rangi (lot) kwenye karatasi ya bonge. Bonge jekundu la leo na la mwezi ujao yanaweza kuachana, na mstari wa mpaka utaonekana ukiwa mbali.

Miraba_Arua
Mimi ningewapa mraba wa rangi, ule wa mishono mirefu mitatu mitatu (mshono mrefu: uzi huzungushwa kwenye kroshia kabla ya kuingiza, kisha vitanzi hutolewa viwili viwili). Kroshia inaingia kwenye nafasi kubwa, si kwenye kichwa cha mshono, kwa hiyo hakuna kutafuta tundu. Vitanzi 4, unga viwe duara. Mnyororo wa 3 (unahesabiwa mshono mrefu mmoja), mirefu 2, mnyororo wa 2 wa pembe; kisha mirefu 3 na mnyororo wa 2, mara tatu, unga. Mizunguko inayofuata, kila pembe ipate mirefu 3, mnyororo wa 2, mirefu 3, na kila nafasi ya ubavuni mirefu 3. Makundi yaende 4, 8, 12. Ukikuta 11, kuna kundi limesahaulika na mraba utavutika upande mmoja.

Fundi_wa_Jinja
Mraba ni mzuri, lakini uwe wa pili. Kuunga, kona, mshono mrefu na kubadili rangi, yote kwa wakati mmoja ni mengi. Tena nafasi zile huficha mkono usio sawa. Mshono mfupi hauna pa kuufichia.

Uzi_wa_Owino
Kabla ya kubishana, tuulize: bonge ni la rangi gani? Nyeusi na bluu ya giza ziachwe, hasa kwa anayefuma jioni kwa taa ndogo. Krimu, njano au kijani cha majani mabichi, mishono inaonekana yote.

Wa bei nafuu wafumue sweta la mtumba, ila walikague kwa ndani. Pindo za ubavuni zikiwa zimepigwa ovaloki, uzi umekatwa kila mstari, utapata vipande vifupi tu. Ukizungushia uzi uliofumuliwa kwenye mgongo wa kiti, uuloweshe, uutundike ukauke na kitu kizito chini, mikunjo itaondoka.

Na tafadhali, akriliki isigeuzwe kishikio cha sufuria. Ikigusa chuma kilichotoka kwenye sigiri inayeyuka na kunata kwenye ngozi. Kishikio kiwe cha pamba, tabaka mbili.

Nyuzi_Mbale
Uzi ni wa krimu na wa njano. Yule wa kofia asubiri hadi lini?

Baridi_ya_Kabale
Akitoa mistari kumi mfululizo yenye mishono 25, aanze. Mishono mirefu 12 kwenye duara, kisha 24, 36, 48, yaani 12 zaidi kila mzunguko, mpaka kipenyo kifike sentimita 17 kwa kichwa chenye mzunguko wa sentimita 56. Hapo aache kuongeza, ateremke moja kwa moja. Duara likijikunja kama bakuli mapema, ameruka maongezo. Likipiga mawimbi, ameongeza kupita kiasi. Alilaze mezani kila mzunguko, asingoje kulivaa.

Akimaliza aache mkia wa sentimita 15 na aupitishe kwa sindano butu ndani ya mishono, aende upande mmoja kisha arudi. Akriliki inateleza, fundo peke yake litafunguka kwenye kufua.