Naombeni ushauri: je, ni haki kuua nguruwe wazima kwa sababu wa jirani wameugua?

Mama Tumsifu
Wanajukwaa, habari za jioni. Ninafuga nguruwe katika Nyanda za Juu Kusini, na kwa miaka sita banda hili ndilo lililolipa ada za wanangu na kuezeka nyumba. Sasa hivi nina nguruwe 34, wakiwemo majike wanne, dume mmoja na vitoto vya jike aliyezaa mwezi uliopita. Wiki iliyopita nguruwe wa jirani yetu walianza kufa mmoja baada ya mwingine, na jana ofisa mifugo alikuja kututangazia kwamba ni homa ya nguruwe ya Afrika, kwamba karantini imeanza, na kwamba nguruwe wote wa mabanda yanayopakana na lile wanatakiwa kuuawa na kufukiwa kabla ya mwisho wa juma. Nilimuuliza habari ya fidia, akasema hana jibu. Nguruwe wangu wanakula, na nikiingia na ndoo ya pumba wanapiga kelele kama siku zote. Nishaurini: ni haki mnyama mzima auawe kwa ugonjwa ambao hana, na je, ninaweza kukataa?

Shamba Darasa
Pole sana, mama. Mimi ningependa tuzungumzie kinga, kwa sababu huko ndiko wengi wetu tunakoangukia. Nilipoteza nguruwe 19 ndani ya siku tisa, na hadi leo ninaamini ugonjwa uliingia kwa makombo niliyokuwa nikichukua katika mgahawa mmoja, yakiwa na mifupa na ngozi za nguruwe waliochinjwa nisikokujua. Virusi hivi hukaa muda mrefu ndani ya nyama mbichi, iliyogandishwa na hata iliyokaushwa, na mimi nilikuwa nikimwaga makombo yale horini bila kuyachemsha. Siku ya tisa nilibaki na dume peke yake, naye alikuwa ameegemea ukuta, masikio yamegeuka rangi ya zambarau. Tangu hapo sina banda, nina migomba. Laiti ningejenga uzio, nikaweka dawa ya kukanyagia mlangoni na kuwazuia wanunuzi kuingia na viatu vyao, huenda leo ningali nafuga.

Mtoto wa Pwani
Mimi mdudu huyo simli, kwa hiyo sina upande. Ila wapenzi wa kitimoto wa Dar es Salaam wajiandae kurudi kwenye maharage, maana naona msiba wao utakuwa mkubwa kuliko wa mama.

Mama Tumsifu
Ndugu yangu, kwako huo ni utani, kwangu ni ada ya muhula wa pili. Naomba tubaki kwenye swali.

Nuru ya Asubuhi
Mama, nitajibu jambo ambalo watu hulikimbia: wanyama hawa wanauawaje? Korea Kusini, wakati wa mlipuko wa ugonjwa wa miguu na midomo wa 2010 hadi 2011, iliangamiza nguruwe zaidi ya milioni 3, na wengi miongoni mwao walisukumwa mashimoni na kufukiwa wakiwa hai. Hakuna ugonjwa unaoweza kutoa ruhusa ya jambo kama hilo. Mnyama aliyelishwa kwa mkono wa mtu anastahili angalau kifo cha haraka, azimishwe fahamu kwanza, na asiwekwe mahali anapowaona wenzake wakianguka. Kabla hujakubali wala kukataa, muulize ofisa huyo atatumia kifaa gani, nani atakishika, na kama amewahi kufanya kazi hiyo.

Mhamiaji wa Carlisle
Mwaka 2001 nilikuwa mwanafunzi kaskazini mwa Uingereza, ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia kule. Mifugo zaidi ya milioni 6 waliuawa, na wengi hawakuwa wagonjwa hata kidogo. Shamba lao lilipakana tu na shamba lenye ugonjwa, au walikwama kwenye malisho yaliyokwisha nyasi kwa kuwa karantini ilizuia kuwahamisha. Katika uwanja wa zamani wa ndege wa Great Orton, karibu na mji wa Carlisle, yalichimbwa mahandaki, wakazikwa kondoo kwa mamia ya maelfu. Chanjo ilikuwepo lakini haikutumika, na sababu mojawapo kubwa ilikuwa kulinda soko la nje. Kisha huko Devon ndama mmoja mweupe, aliyepewa jina la Phoenix, alikutwa hai kando ya mama yake siku kadhaa baada ya ng'ombe wa shamba lile kuuawa, picha zake zikajaa magazetini, na serikali ikalegeza amri ya kuua mifugo ya mashamba jirani. Hadi leo ninajiuliza kwa nini ndama mmoja mwenye sura nzuri aliweza kufanya kile ambacho machozi ya wafugaji hayakuweza. Hata hivyo wafugaji wale walilipwa, mama, na hapo ndipo hali yao inapoachana na yako.

Daktari wa Mabondeni
Mhamiaji ameeleza vizuri, lakini mfano wake unaweza kumpotosha mama. Ugonjwa wa miguu na midomo kwa kawaida hauui mnyama mkubwa, na chanjo zake ni za siku nyingi. Homa ya nguruwe ya Afrika haina tiba, na ikiingia bandani inaweza kuwamaliza karibu wote. Vietnam imeidhinisha chanjo, lakini si kitu ambacho mfugaji wa kwetu anaweza kukitegemea leo. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza huko Kenya mwaka 1921, kwa nguruwe wa walowezi. Ngiri hubeba virusi vyake bila kuugua, na papasi wanaoishi katika mashimo yao huvihamisha. Mwaka 2007 virusi vya upande huu wa Afrika vilifika nchi ya Jojia, na mwaka 2018 ugonjwa ukaingia China. Sehemu kubwa ya safari hiyo vilibebwa na watu, ndani ya nyama, mabaki ya chakula na magari ya mifugo.

Nguruwe anaweza kukaa na virusi kwa siku 4 hadi 19 bila kuonyesha dalili, kwa hiyo neno ninalolitilia shaka katika swali lako ni hilo la "mzima". Naomba unijibu, mama. Unalisha nini? Kuna aliyekufa kwako? Na tangu jirani apate msiba, kuna nguruwe yeyote aliyetoka katika banda lako?

Mama Tumsifu
Ninalisha pumba na mashudu ya alizeti, sijawahi kutumia makombo. Hakuna anayeumwa. Hilo la tatu sioni linahusiana vipi na haki ya kuwaua hawa waliopo.

Daktari wa Mabondeni
Linahusiana kuliko yote, mama. Nakusubiri.

Mama Tumsifu
Basi nitasema, kwa kuwa nimebanwa. Jumapili alikufa mmoja, nikadhani amevimbiwa na mahindi mabichi. Jumatatu usiku shemeji yangu alikuja na gari, akachukua jike langu bora, ambaye ana mimba, pamoja na majike wachanga wawili, akawapeleka kwake katika wilaya jirani. Siku ile karantini ilikuwa haijatangazwa, kwa hiyo sikuvunja amri ya mtu. Hawa waliobaki, mchinjaji mmoja amekubali kuwachukua kesho usiku kwa nusu ya bei. Nyama yao haimdhuru binadamu, na hilo hata daktari hawezi kulikana. Kama ningeambiwa nitalipwa hata theluthi ya thamani yao, shimo ningelichimba mwenyewe. Ni nani kati yenu angefukia ada ya watoto wake kwa mikono yake?

Mzee wa Zizi
Mimi simlaumu. Ugonjwa huu huu uliingia Haiti mwishoni mwa miaka ya 1970, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa msukumo wa Marekani, nguruwe weusi wa kienyeji wa nchi ile waliangamizwa. Kwa mkulima mdogo nguruwe yule ndiye aliyekuwa benki: aliuzwa shule zilipofunguliwa, aliuzwa mtu alipofariki. Walioletwa badala yake walitoka Marekani, wakataka vyakula vya kununua na sakafu za saruji, hata wanakijiji wakawaita wana wa mfalme wenye miguu minne. Ugonjwa ulikwisha, na wakulima wengi wakabaki maskini kuliko walivyokuwa. Amri ya kuua isiyotaja fidia huwafundisha watu kusafirisha mifugo usiku, na anayeitoa naye ana sehemu yake katika kosa la mama huyu.

Mpima Maneno
Naomba radhi, lakini mimi nadhani tunachezewa. Mwanzoni nguruwe wote walikuwa wanakula, sasa mmoja amekufa tangu Jumapili. Mwanzoni majike walikuwa wanne, sasa kuna mwingine mwenye mimba wilaya jirani na wawili wachanga ambao hawakutajwa. Isitoshe, mtu anayepanga kuvunja karantini kesho usiku hawezi kuutangaza mpango wake mbele ya wasomaji wote hawa. Ninaona huyu ni mtu anayekusanya maoni, au anayetaka watu wa mjini waogope nyama ya nguruwe.

Shamba Darasa
Hata mimi nimeanza kushtuka, kwa sababu hakuna hata picha moja ya banda. Nimesimulia maumivu yangu hapa kwa mtu ambaye huenda hayupo.

Mtoto wa Pwani
Mama, kwanza naomba radhi kwa utani wangu. Mimi ninamwamini. Mtunzi wa hadithi angeanza na jike aliyetoroshwa usiku, kwa kuwa hapo ndipo penye utamu. Huyu amekaa nalo moyoni hadi daktari alipomkamia.

Mama Tumsifu
Niliposema 34 nilihesabu waliobaki bandani, na wale wanne ni miongoni mwao. Wale watatu sikuwataja kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo haijaisha. Picha sitaweka, kwa sababu banda langu linajulikana. Asiyeniamini aendelee kutoniamini.

Daktari wa Mabondeni
Kama umetunga, mama, humu bado wamo wafugaji wanaofikiria kufanya hayo hayo usiku wa leo, kwa hiyo nitakujibu.

Nimesimamia kazi hii mara kadhaa, na huwa silali vizuri baada yake. Nguruwe wako hawana kosa, na mimi siwezi kukuita upande na kukuambia kwamba wanatendewa haki. Ninachoweza kutetea ni hiki tu: 34 wakifa leo kwa haraka, mateso yake ni machache kuliko ya mamia watakaotokwa na damu kijiji baada ya kijiji. Lakini utetezi huo unasimama pale tu ambapo banda limefungwa kweli. Kwa kuwa watatu wameshatoka, na ikiwa mchinjaji ataingia kesho na visu vyake, kisha damu na utumbo vitupwe mtoni, basi wale 34 wanakufa bure, na hapo hata mimi sitakuwa na la kusema mbele yako wala mbele yao. Kuhusu nyama, ni kweli haimwambukizi mtu. Inamwambukiza nguruwe atakayelishwa makombo ya huyo mtu. Muulize Shamba Darasa. Mpigie shemeji sasa hivi, umuulize kama jike anakula.

Mama Tumsifu
Nimempigia. Anasema jike hajagusa pumba tangu jana jioni na anapenda kulala kwenye tope, naye alidhani ni uchovu wa safari. Wale wachanga wanakula. Mchinjaji nimemwambia asije. Daktari, nikimpigia ofisa mifugo asubuhi, nianze na lipi?

Daktari wa Mabondeni
Usisubiri asubuhi, na uanze na jike, ukitaja siku na saa aliyoondoka. Shemeji asitoe nguruwe yeyote, asiazime ndoo wala jembe kwa mtu, na asiende kwenye banda la mwingine na viatu hivyo. Ofisa akija kwako, mwombe aandike idadi na uzito wa kila nguruwe mbele ya mwenyekiti wa kijiji kabla hajamgusa hata mmoja, nawe ubaki na nakala yenye sahihi, kwa sababu bila karatasi hiyo hutakuwa na pa kuanzia kudai chochote.

Mpima Maneno
Mama, shemeji yako yuko kata gani? Nina majike sita upande huo.

Mama Tumsifu
Nitakuandikia faraghani.

Mpima Maneno
Iandike hapa hapa, mama. Tuko wengi.