LZW, GIF na Unisys: programu ipewe hataza au isipewe?

Msomaji_wa_Msimbo ameuliza:

Wakuu, salaam. Kila mjadala wa hataza za programu hurudi kwenye kisa cha GIF, umbizo la faili za picha, ila wengi wanakitaja juujuu. Naomba wanaoijua sheria na hesabu zake wanifafanulie. GIF iliundwa na kampuni ya CompuServe mwaka 1987, na kampuni ya Unisys iliyodai ada za matumizi yake hawakuandika hata mstari mmoja wa msimbo wake. Walipata wapi nguvu ya kudai ada? Halafu inasemekana Ulaya inakataza hataza za programu, mbona LZW, mbinu ya kubana data iliyomo ndani ya GIF, ilisajiliwa huko pia? Na mwisho, anayeandika programu Nairobi au Dar es Salaam leo aangalie nini?

Kamusi4096:

Ndugu, anza na tofauti ya hakimiliki na hataza. Hakimiliki inalinda maandishi. Ukinakili msimbo wa mtu umekosa, lakini ukiandika wako bila kuutazama wa kwake huna kosa. Hataza inalinda mbinu. Hata ukiifikia mbinu hiyo kwa akili yako mwenyewe, bila kuwahi kumsikia mwenye hataza, bado umemvunjia haki yake.

Mbinu yenyewe ni LZW. Inaanza na kamusi ya alama 256, moja kwa kila baiti. Programu inasoma data, inatafuta mfuatano mrefu kuliko yote ambao tayari umo kwenye kamusi, inatoa namba yake, kisha inaingiza kwenye kamusi mfuatano huo ukiongezwa alama inayofuata. Anayefungua faili huijenga kamusi ileile hatua kwa hatua, kwa hiyo haihitaji kusafirishwa. Katika picha ya GIF ya rangi 256, namba huanza na biti 9 na kuishia biti 12, yaani kamusi haipiti vipengele 4096.

Terry Welch, akiwa kampuni ya Sperry, alipeleka ombi la hataza tarehe 20 Juni 1983. Hataza namba 4,558,302 ikatolewa 10 Desemba 1985. Katikati hapo, Juni 1984, mbinu ilielezwa wazi katika jarida la IEEE, chama cha wahandisi, na wahandisi wa CompuServe wakaichukua bila kujua kwamba ina mwenyewe. Mwaka 1986 Sperry iliungana na Burroughs ikawa Unisys. Mwishoni mwa Desemba 1994 likatoka tangazo kwamba waandishi wa programu za GIF walipe. Kwa miaka saba watu walikuwa wamejenga juu ya kiwanja ambacho hawakuambiwa kina hati ya mtu.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Miller na Wegman wa IBM walikuwa na ombi la 1 Juni 1983, siku 19 kabla ya Welch, na lilizaa hataza namba 4,814,746 mwaka 1989. Ofisi ileile ya Marekani ilitoa hataza mbili zinazoigusa LZW. Gia ya mashine ina mchoro, ukiiona unaitambua. Algorithimu huweza kuitwa "jedwali la mifuatano" hapa na "mti wa utafutaji" pale, na maneno yakibadilika hakuna mtafutaji atakayeikuta. Kama mkaguzi mwenye kazi hiyo hakuona, mwandishi wa programu mwenye muda wa Jumamosi tu ataonaje? Ndiyo sababu mimi nasimama upande wa wanaosema isipewe.

Walioikwepa walipita njia mbili. Moja ilikuwa kuandika GIF isiyobana kabisa, kama maktaba ya libungif. Programu inatoa kila pikseli kwa namba yake ya biti 9, na inapeleka alama ya kufuta kamusi kabla haijafika 512, yaani kila baada ya pikseli 254 au chini ya hapo. Faili inafunguka kwenye kisomaji chochote, ila inakuwa kubwa kuliko hata data ghafi kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya nane. Njia ya pili ni PNG, umbizo jingine la picha. Rasimu yake ya kwanza ilitoka Januari 1995, na W3C, shirika la viwango vya wavuti, ikaipitisha 1 Oktoba 1996. Inatumia DEFLATE, mbinu nyingine ya kubana data, ambayo ni LZ77 pamoja na usimbaji wa Huffman.

Kifungu_cha_52:

Naongezea la Ulaya, maana hapo ndipo wengi hukosea. Mkataba wa Hataza wa Ulaya wa 1973, kifungu cha 52(2)(c), unasema programu za kompyuta si uvumbuzi. Lakini aya ya 3 inaongeza kwamba katazo linahusu programu *peke yake* tu. Maneno mawili hayo ndiyo mlango wenyewe. Katika shauri la Vicom la 1986, bodi ya rufaa ya Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilikubali mbinu ya kihesabu ya kuchakata picha za kidijitali, kwa hoja kwamba hesabu ikitumika ndani ya mchakato wa kiufundi, kinachoombewa hataza ni mchakato, si hesabu. Kwa mantiki hiyo LZW haikudaiwa kama programu bali kama kifaa na mbinu ya kubana data. Uingereza, Ufaransa, Ujerumani na Italia ililindwa hadi Juni 2004, mwaka mzima baada ya kuisha Marekani.

Tarehe 6 Julai 2005 Bunge la Ulaya lilikataa mswada wa maelekezo ya hataza za programu kwa kura 648 dhidi ya 14. Kura ile haikupiga hataza hizo marufuku. Iliacha mambo yalivyokuwa.

Marekani wameyumba. Katika shauri la Benson, 1972, Mahakama ya Juu ilikataa mbinu ya kugeuza namba za desimali zilizosimbwa kwa biti kuwa za jozi safi. Katika Diehr, 1981, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilikubali mashine ya kupika mpira. Kompyuta inapima joto ndani ya kalibu mfululizo, inarudia hesabu ya Arrhenius ya muda wa kuiva kwa mpira, na kufungua kalibu wakati ukifika. Katika Alice, 19 Juni 2014, majaji wote tisa walikataa mfumo wa mtu wa kati katika malipo. Wazo la zamani, walisema, haligeuki uvumbuzi kwa kuongezewa kompyuta ya kawaida.

Mtetezi_wa_Hataza:

Kamusi4096, nakuheshimu lakini umechagua mfano mbaya kuliko yote. Chukua RSA, mbinu ya usimbaji fiche. Clifford Cocks aliifikia mbinu ileile mwaka 1973 ndani ya shirika la ujasusi la Uingereza, ikafungiwa kabatini hadi 1997. Rivest, Shamir na Adleman waliieleza hadharani 1977 na kupata hataza Marekani 1983. Jamii ilipewa elimu, nao wakapewa muda wenye kikomo. Mwenye mtambo wa kupika mpira akipewa hataza kwa sababu ana chuma, na mwenye mbinu ya usimbaji fiche akanyimwa kwa sababu hana chuma, hiyo ni haki gani?

Kamusi4096:

Mkuu, tarehe zenyewe zinakupinga. RSA ilichapishwa katika Scientific American Agosti 1977, na ombi likapelekwa 14 Desemba. Elimu ilitoka kabla ya hataza, kwa hiyo haikununuliwa kwa hataza. Marekani inaruhusu kupeleka ombi ndani ya mwaka mmoja baada ya kuchapisha. Nchi nyingi haziruhusu, ndiyo maana nje ya Marekani RSA ilikuwa huru tangu mwanzo. Mtu wa London aliitumia bure, wa Boston akalipia hadi Septemba 2000. Hoja yako ya chuma, hata hivyo, naikubali kuwa nzito. Mstari wa "kiufundi" ni mwembamba mno.

Kifungu_cha_52:

Kwa swali la tatu. Kenya, Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001, kifungu cha 21, inaondoa mbinu za hesabu na taratibu za kufanya biashara kwenye yanayoweza kupewa hataza. Itifaki ya Harare ya ARIPO, shirika la mali ya ubunifu la nchi za Afrika, inazitaja programu za kompyuta kwa jina na kuziondoa. Hakimiliki unayo bila kuomba. Kenya na Tanzania zote zinailinda programu chini ya sheria za hakimiliki.

Hatari inakuja ukiuza nje. Hataza ni ya nchi kwa nchi, basi ukiwa na wateja Marekani, tafuta hataza za Marekani zinazoweza kukugusa. Usiishie kwenye kichwa wala muhtasari, soma madai, yaani vifungu vinavyosema hasa kinacholindwa. Dai huru, yaani lisilotegemea dai jingine, likiwa na vipengele vinne na programu yako haina kimoja, kwa kawaida hujalivunja, ingawa mahakama huangalia pia kama umeweka kitu kinachofanya kazi ileile badala yake. Kisha tazama kama hataza ingali hai. Marekani ada za kuihuisha hulipwa miaka 3.5, 7.5 na 11.5 baada ya kutolewa, na isiyolipiwa hufa. Kwa hataza za zamani piga hesabu mara mbili. Zilizoombwa kabla ya 8 Juni 1995 zinapata muda mrefu zaidi kati ya miaka 17 tangu kutolewa na 20 tangu kuombwa. Ya Welch kwa hesabu ya kwanza ingeisha 10 Desemba 2002. Kwa ya pili iliisha 20 Juni 2003.

Ukibuni mbinu na hutaki mtu mwingine aifungie, ichapishe kwa ukamilifu mahali penye tarehe isiyobadilika. Ukitaka hataza, peleka ombi kwanza, ndipo uweke msimbo hadharani.