Mchoro wa hataza ya 1886 ukivalishwa kanga: ni sanaa au kunakili?

Mchoraji wa Usiku: Wakuu, habari za jioni. Kazi yangu ni picha za kompyuta. Miezi mitatu hii nachukua michoro ya zamani ya hataza (patent, yaani hati ya serikali ya kumlinda mvumbuzi) za wanawake wavumbuzi wa Marekani, naichora upya mstari kwa mstari, halafu naipanga kama kanga: pindo, mji na jina. Kifuta kioo cha gari cha Mary Anderson, 1903, jina lake "Mvua ikinyesha ndipo utajua panapovuja". Margaret Knight wa mashine ya mifuko ya karatasi yenye kitako bapa, ambaye jamaa mmoja aliiona mashine yake karakana akawahi kwenda kuiandikisha kwa jina lake, mama akamfungulia kesi na 1871 hataza ikatoka kwa mama: "Usisafirie nyota ya mwenzio". Mashine ya kuoshea vyombo ya Josephine Cochrane, 1886, bado haijapata jina. Juzi nimezipeleka kwenye maonyesho, mwamuzi mmoja akasema "hii si sanaa, umenakili makaratasi ya serikali ukapaka rangi". Ni kweli?

Wakili wa Kibarazani: Kisheria lala usingizi. Watu wanachanganya hataza na hakimiliki. Hataza inalinda kifaa, tena kwa muda. Enzi zile Marekani ilikuwa miaka 17. Ya Anderson iliisha 1920, na mama wa watu hakuwa ameambulia kitu. Michoro ya hataza za kule kwa kawaida iko huru, yeyote anaitumia.

Mlalahoi Mkongwe: Kwa hiyo jibu ni "ruksa kunakili". Mwamuzi kashinda, tufunge uzi.

Mchoraji wa Usiku: Mkuu, kaa na huo wa Cochrane dakika tano tu. Boila ya shaba, ndani gurudumu limelala chali, juu yake vikapu vya waya vilivyopindwa kwa kipimo cha sahani na vikombe. Maji ya moto yenye sabuni yanarushwa kutokea chini, hakuna brashi. Michoro ya wakati ule haina kivuli cha kupaka, kivuli chote ni mistari myembamba kama nywele. Vile vikapu peke yake vimenila siku nne. Kama huko ni kunakili, basi na wewe nakili nione.

Shangazi wa Pwani: Hongera sana mwanangu. Huyo mama wa vyombo angetuokoa wengi. Kuna wanawake saa kumi alfajiri wameshashika masufuria.

Nyuki Mkali: Shangazi, shikamoo, lakini soma kwanza. Cochrane alikuwa tajiri wa Shelbyville, Illinois. Haoshi vyombo yule! Watumishi walikuwa wanamvunjia kingo za sahani zake za kaure, hapo ndipo palipomuuma. Alihurumia sahani. Kama nyinyi mnaopiga picha jikoni linang'aa na dada aliyeling'arisha hayumo.

Shangazi wa Pwani: "Kama nyinyi" akina nani? Unanijua? Unajua dada wa kwangu analala wapi, anakula nini? Marahaba.

Kijana wa Mjini: Mnagombana kwa ajili ya beki tatu jamani 😂

Shangazi wa Pwani: Na wewe hilo neno kamwambie mama yako.

Mwalimu wa Zamu: Tuwe na haki kidogo. Mume wa Cochrane alifariki 1883 akamwachia madeni. Baada ya hapo mashine haikuwa tena mchezo wa tajiri, ilikuwa riziki. Na wanunuzi wake walikuwa mahoteli na migahawa. Mwaka 1893, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago, mashine zake zilikuwa zinaosha vyombo vya walaji pale pale. Majumbani ilichelewa sana kuingia, maji ya moto ya kutosha watu wangeyatoa wapi?

Nyuki Mkali: Kwa hiyo umekubali kwamba haikumfikia dada. Asante, mwalimu.

Mkamba Halisi: Mimi swali langu ni moja tu. Mbona Wamarekani? Kiondo chetu Wajapani walishakichukulia hataza, hakuna aliyekichora. Tunapamba wazungu kwa nguo zetu.

Wakili wa Kibarazani: Hiyo ya kiondo naisikia tangu nikiwa shule, na sijaona mtu akileta namba ya hataza. Lete namba. Yenye karatasi ni ya kikoi: kampuni ya Uingereza iliomba neno "Kikoy" liwe alama yake ya biashara, Wakenya wakapinga, ikaachana nalo. Na alama ya biashara si hataza. Narudia kwa mara ya mia.

Mkamba Halisi: Wakili, kila anayeumia mnamwambia alete namba. Nyanya yangu amesuka viondo miaka hamsini, namba yake ni vidole vyake.

Msomaji Kimya: Naomba nipenyeze jambo. Washington kulikuwa na mwanamke mweusi, mtumishi wa nyumbani, Ellen Eglin. Alibuni kikamulio cha nguo. Mwaka 1888 akaliuza wazo lake kwa dola 18. Sababu aliitoa mwenyewe: wanawake weupe wangekisusa kifaa wakijua hataza ni ya mwanamke mweusi. Kwa hiyo karatasi yenye jina lake haipo. Mchoraji, unachora kutoka kabati ambalo huyu hakuingizwa. Utamchoraje?

Nyuki Mkali: Dola 18 za mwaka ule! Kuna watu humu hawamlipi dada pesa hiyo kwa mwezi.

Shangazi wa Pwani: Wewe unamlipa wako ngapi? Jibu hapa hapa, mbele ya watu.

Nyuki Mkali: Mimi sina dada. Naosha mwenyewe.

Shangazi wa Pwani: Mkeo anasemaje?

Kijana wa Mjini: 😂😂 Uzi umepata moto.

Fundi Bomba wa Mtaa: Mimi nafunga hizo mashine kwenye nyumba za wenye nazo. Nusu yao zimegeuka kabati la kuwekea vyombo. Ukitia sufuria ya ugali yenye ukoko inatoka na ukoko wake. Roweka kwanza, ndiyo elimu. Hata huyo Cochrane hakupikiwa ugali.

Mwalimu wa Zamu: Ukoko unaliwa, fundi. Unausafisha wa nini?

Mlalahoi Mkongwe: Wa wali ndiyo, lakini wa ugali ni wa watoto.

Mkamba Halisi: Hapo nakataa kabisa.

Mchoraji wa Usiku: Wakuu, sanaa au kunakili?

Msomaji Kimya: Na Eglin?

Dereva wa Daladala: Hiyo ya kifuta kioo unauzaje? Changu cha kushoto kimekufa tangu masika, nataka niibandike hapo abiria wapate la kusoma.